Wanunuzi Wakipatana Bei

Tuseme wewe ni mkulima wa mahindi hapa Peramiho. Umevuna magunia 10. Wanunuzi watatu wanakuja na malori. Kila mmoja anataja bei ile ile, tena ndogo. Unakwenda Songea mjini, unaikuta bei hiyo hiyo. Je, kuna kosa?

Huenda hakuna. Mahindi yakiwa mengi, bei hushuka kila mahali. Lakini kama wanunuzi hao walikaa wakakubaliana wasizidishe bei, hilo ni kosa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza. Inakataza pia wenye maduka kupatana bei ya sukari, na wakandarasi kupatana nani apate zabuni.

Anayesimamia sheria hii ni Tume ya Ushindani. Ilianza kazi mwaka 2007. Usiichanganye na Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973. Ile ilipanga bei za vitu vingi. Hii haipangi bei. Inaangalia kama wafanyabiashara wanashindana kweli.

Mtu ye yote anaweza kulalamika kwa Tume. Tume huchunguza. Inaweza kudai daftari za hesabu na kuwaita watu watoe maelezo. Ikiona kosa, huamuru liachwe. Faini yaweza kufika sehemu 10 kwa mia ya mauzo ya mwaka mzima. Kwa hiyo andika tarehe, bei na maneno uliyoambiwa. Mnunuzi akisema, "Tumekubaliana tusizidishe," andika neno hilo lilivyo. Lumbesa ni jambo jingine; hilo peleka kwa Wakala wa Vipimo.

Tume huangalia pia makampuni makubwa yanaponunuana. Mwaka 2021 kampuni ya Scancem, yenye hisa nyingi za Twiga Cement, ilitaka kununua hisa nyingi za Tanga Cement. Tume iliruhusu. Waliopinga waliona saruji nyingi itakuwa mikononi mwa tajiri mmoja. Walikwenda Baraza la Ushindani. Septemba 2022 Baraza likafuta ruhusa ile. Naam, hata Tume hupingwa! Maombi mapya yakaletwa, na mwaka 2023 Tume ikaruhusu tena. Baadaye hisa hizo ziliuzwa kwa kampuni ya Kitanzania ya Amsons.

Zungumzeni darasani:
Je, mahindi yetu hununuliwa na watu wangapi?
Tutajuaje kama wamepatana?
Nani kati yetu ataandika barua?