Mwaka wa Kwanza wa Tarakilishi: Yale Aliyoyakuta Dada Yangu Chuoni

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama chetu aliniita akaniambia, "Wewe una dada chuoni anayesomea kompyuta. Tuandikie tujue wanasomea nini huko." Nikajibu "ndiyo mwalimu" upesi upesi, nikidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe! Nimekaa na dada jioni sita za likizo, kalamu mkononi, na bado mengine sijayaelewa. Haya ninayoyaandika ni yale niliyoyaelewa.

Kwanza tulimalize jambo la jina. Wanachama wenzangu hugombana kila mkutano: ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Mimi napenda tarakilishi, kwa kuwa ukilitazama neno lenyewe unaiona "tarakimu" ndani yake, na mashine hii kwa hakika ni mashine ya tarakimu, kama mtakavyoona. Lakini sokoni kwetu ukisema tarakilishi watu watakuuliza ni dawa ya nini. Basi nitayatumia yote mawili, anayetaka kukasirika akasirike.

Siku KUCCPS ilipotangaza nafasi za vyuo vikuu, baba alizunguka kijiji kizima akisema binti yake anaenda kuwa fundi wa kompyuta. Majirani nao hawakungoja hata afike chuoni. Mmoja alileta redio iliyokufa, mwingine simu iliyopasuka kioo, na mama mmoja, nisimtaje, alileta pasi. Dada hakucheka sana, maana hata yeye hakuijua tofauti. Alidhani atafunzwa kupiga chapa bila kutazama vidole, kufungua mashine na kuifunga, na labda kutengeneza michezo ya simu. Baba aliuza ng'ombe mmoja kati ya wawili tuliokuwa nao, akijazia mkopo wa HELB, na kwa pesa hizo akamnunulia kipakatalishi cha mtumba. Ng'ombe huyo mkumbuke, nitamrudia.

Wiki ya kwanza dada alikuta Hisabati. Wiki ya pili, Hisabati tena. Kulikuwa na somo zima linaloshughulika na maneno matatu: na, au, si. Alinieleza hivi. Mlinzi wa lango letu ameambiwa amruhusu mwanafunzi aliyevaa sare NA aliyefika kabla ya saa moja na nusu, AU mwenye barua ya mwalimu. Je, mwenye barua asiyevaa sare ataingia? Ukisoma amri upande mmoja ataingia, ukiisoma upande mwingine, ati sare ni lazima kwa wote, hataingia. Mlinzi atatumia busara. Kompyuta haina busara, itafanya lile uliloandika. Kwa hiyo ni lazima useme wazi lipi linafungamana na lipi. Mwingereza George Boole ndiye aliyeyageuza maneno haya kuwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1854, na mwaka 1937 kijana mmoja wa Marekani, Claude Shannon, akaonyesha katika tasnifu yake kuwa hesabu hiyo inaweza kufanywa na swichi za umeme. Wenzangu mnaosema viunganishi ni mada ya kuchosha, mmesikia.

Baada ya hapo ilikuja algoriti. Hili ni neno la kutisha lenye maana rahisi: ni hatua za kufanya jambo, zilizopangwa kwa utaratibu, zisizoacha shaka, na zenye mwisho. Asili yake ni jina la mtu, al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, ambaye kitabu chake kingine ndicho kilichotupa neno aljebra. Na sifuri yetu pia ilitoka kwa Waarabu. Kwa hiyo sisi Waswahili si wageni sana katika nyumba hii.

Chukua kamusi ya chama, ile isiyo na jalada. Tuseme ina maneno 1,000 na wewe unatafuta "kifunguamimba". Unaweza kuanza "a" ukasoma neno moja moja mpaka ulifikie. Ukiwa na bahati mbaya utasoma yote 1,000. Au unaweza kufungua katikati. Umekuta "m"? Basi lako liko nyuma, nusu yote ya mbele huna haja nayo. Fungua katikati ya nusu iliyobaki. Endelea hivyo. Dada aliniambia, "Hesabu mwenyewe, hutapita mara 10." Nikahesabu: 500, 250, 125... kweli, hazipiti 10. Kisha akaniuliza ikiwa maneno ni milioni moja. Nikasema mara 10,000. Akanicheka. Ni mara 20! Nilikataa mpaka nikafanya kwa mkono. Ila kuna sharti: maneno yawe yamepangwa kwa alfabeti kwanza. Kamusi iliyovurugwa haina njia ya mkato.

Yote haya mpaka hapa, msomaji, hayakuhitaji kompyuta. Sisi wa shule ya kutwa tusio na maabara tunaweza kuyafanya chini ya mwembe.

Sasa nije kwenye tope. Dada amenipa ruhusa kuandika haya, baada ya kukataa mara mbili. Katikati ya muhula wa kwanza walianza kuandika programu kwa lugha ya C, lugha iliyobuniwa na Dennis Ritchie kule Marekani mwaka 1972 na ambayo bado hufunzwa wanaoanza. Kazi za nyumbani zilikuwa nyingi, na wenzake walikuwa na programu ya akili mnemba kwenye simu. Unaiandikia swali, inakupa jibu. Dada naye akafanya hivyo. Kazi zake zote zikapata alama nzuri. Kisha ukaja mtihani, kwenye karatasi, kwa kalamu, simu zimewekwa mbele ya chumba. Alipata 9 kwa 30.

Alipiga simu nyumbani usiku, mama akaniwekea sauti nami nikasikia. Alisema kozi si yake, alazwe au aamshwe haoni kitu, anataka kuhamia biashara. Hakusema habari ya akili mnemba. Baba alikaa kimya, halafu akauliza, "Ungehama, ungehama lini?" Dada akaenda kuuliza chuoni, akaambiwa muda wa kuhama kozi umepita. Basi alibaki si kwa ujasiri, alibaki kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisisitizia niandike hivyo, kwa maana hapendi zile hadithi za watu waliojikaza kwa moyo wa chuma.

Alichofanya ni kurudia kazi zote za muhula kwa kalamu, moja moja. Ya kwanza ilikuwa kutafuta wastani wa alama mbili, 7 na 8. Kila mtu ajua ni 7.5. Kompyuta ikampa 7. Akabadilisha hili na lile, bado 7. Alikaa nayo kuanzia saa mbili za usiku hadi karibu saa saba, akiamini kipakatalishi cha mtumba kimeharibika. Kumbe katika C, ukigawa namba kamili kwa namba kamili, jibu nalo huwa namba kamili, na baki hutupwa. Mashine haikukosea, yeye ndiye aliyeagiza vibaya. Kosa la namna hii wenyewe huliita mdudu. Mwaka 1947 mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II walimkuta nondo halisi amekwama ndani ya mashine, wakambandika kwenye daftari la kumbukumbu, ingawa jina hilo la mdudu lilitumika hata kabla yake. Dada anasema usiku ule ndio alioanza chuo, miezi mitatu baada ya kulipa karo. Muhula ulipoisha alipita. Hakupata A.

Mtaniuliza, na kazi je? Akimaliza atafanya nini? Hili ndilo baba huuliza kila jioni, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu jibu halikunyooka. Dada alipofika chuoni alijua kazi moja tu, kuandika programu. Akakuta kuna walinzi wa mitandao, wanaochunguza wezi walipitia wapi. Kuna wanaotengeneza mitandao yenyewe. Kuna wachambuzi wa data. Kuna watafiti na walimu. Akaanza kuonja. Kila Ijumaa jioni alihudhuria kikundi cha wanafunzi wanaojifunza usalama wa mitandao. Alikipenda, lakini aligundua kuwa si kama kwenye filamu. Ni kusoma orodha ndefu za matukio, saa nyingi, ukitafuta mstari mmoja usiofanana na mingine. Akaenda pia kwa wale wa nyaya na mitambo, akarudi baada ya wiki mbili.

Kisha likizo ikafika na mama akamwambia awasaidie na hesabu za chama chao cha akina mama. Dada akafurahi, akakesha siku nne, akawaandikia programu ya kuweka michango, mikopo na faini. Siku ya mkutano akawaonyesha. Wakapiga makofi. Halafu mweka hazina, mama mtu mzima, akarudisha kipakatalishi taratibu na kufungua daftari lake la mistari. Mbona? Kwanza, maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Pili, daftari humpitia kila mama na kila mmoja huweka sahihi yake mbele ya macho ya wenzake. Programu ya dada ilikuwa na mtu mmoja anayeandika na wengine wanaoamini. Akina mama hawa walishawahi kuibiwa na mtu waliyemwamini. Nilikuwepo, na nilimwona dada akitaka kubishana, kisha akafunga mdomo. Kesho yake alirudi kwa mweka hazina bila kipakatalishi, akakaa naye tangu saa nne hadi saa nane akimuuliza maswali. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa la mwaka wake, na halikuwa kwenye ratiba.

Tangu hapo ameelekea upande mwingine. Ameniambia habari ya Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, watu wakituma taarifa kwa simu na taarifa hizo kuonekana kwenye ramani. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Ory Okolloh, mwanasheria, na Juliana Rotich, mtu wa kompyuta. Na jina ni la Kiswahili, dunia nzima walijifunza kulitamka. Aidha amejiunga na wanaojitolea kusoma sentensi za Kiswahili kwa sauti katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, ili mashine zijifunze kusikia lugha yetu. Huyasoma jikoni, kuku wakiingilia. Anasema mweka hazina hangehitaji kusoma Kiingereza kama mashine ingemsikia akisema, "Andika mia mbili." Huenda akaishia huko, huenda mwaka wa pili ukambadilisha. Baba bado anangoja jina la kazi, na lile zizi lina ng'ombe mmoja.

Sasa mimi. Sisi wa kidato cha tatu, tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, ndio mkia wa 8-4-4, na mwanzoni mwa mwaka huu tulichagua masomo. Niliacha Fizikia. Niliiacha kwa kuwa rafiki zangu waliiacha, sina sababu nyingine. Dada aliponiuliza nikamwambia ni ngumu, akaniambia kozi za aina yake huangalia sana Hisabati na Fizikia, akanyamaza. Nimemwendea mwalimu wa Fizikia. Amesema anaweza kunipokea tena kama nitanakili maandishi yote ya muhula wa kwanza na kufanya jaribio peke yangu Jumatatu ya wiki ya tatu. Nimefika mada ya pili.

Kabla sijafunga, hili hapa zoezi. Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 tu. Tarakimu saba zikiandikwa kwa mstari, thamani ya nafasi zake kutoka kushoto ni 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Palipo na 1 unajumlisha, palipo na 0 unaruka. Herufi kubwa A ni 65, yaani 1000001. B ni 66, C ni 67, na kuendelea kwa mpango wa alfabeti ya Kiingereza, hata Q na X zihesabiwe. Soma neno hili:

1010101 1000111 1000001 1001100 1001001

Majibu yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya chakula cha mchana, na atakayelipata ataelewa kwa nini nasema kabla ya chakula.