Ukipata Kazi ya Kufundisha Kiingereza Pangani

Umepata kazi ya ualimu wa Kiingereza Pangani, Tanzania. Hongera. Umetoka Nairobi, Kisumu au Kampala, cheti chako unacho, na hii ni mara yako ya kwanza kuishi nje ya nchi yenu. Usiwe na wasiwasi. Mji ni mdogo, watu ni waungwana, na wanafunzi wana kiu ya kujua. Yapo mambo machache tu ambayo ukiyaweka sawa mapema, mwaka wako utakuwa mwepesi.

Anza na karatasi. Uraia wa Afrika Mashariki unakuvusha mpaka bila viza, lakini haukupi ruhusa ya kufanya kazi. Unahitaji vibali viwili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Shule ndiyo inayoomba kwa niaba yako. Ukiambiwa "wewe njoo tu, tutashughulikia ukishafika," jibu kwa upole kwamba utakuja vikishatoka. Hata kama unakuja kujitolea, usiingie darasani kwa pasi ya matembezi.

Mkataba usome mstari kwa mstari. Mshahara uandikwe kwa shilingi za Tanzania, na usichanganyikiwe na masifuri mengi: shilingi 1 ya Kenya inacheza karibu na 20 za Tanzania. Hakikisha imeandikwa nani analipia vibali, nani analipia nyumba, na michango yako ya NSSF inaanza lini. Kisichoandikwa kitakusumbua baadaye.

Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, vyeti halisi na nakala zake, na picha ndogo za pasipoti. Ukitokea Mombasa, unapita Lungalunga, unagonga muhuri Horohoro, unafika Tanga, kisha unashuka kusini kama kilomita 50 hadi Pangani. Ondoka asubuhi. Hakuna sababu ya kuufikia mji mgeni usiku, ukiwa na mizigo.

Wiki ya kwanza, nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji chako. Mwombe mwalimu mwenzako akusindikize. Ni dakika chache tu. Siku ukiugua, ukiibiwa, au ukihitaji barua ya utambulisho, utakuwa mtu anayejulikana.

Halafu salamu. Hapa ndipo wageni wengi kutoka bara wanapojikwaa. Mtu aliyekuzidi umri mwamkie wewe kwanza, "shikamoo", hata kama una digrii na yeye anauza mihogo ya kukaanga. Watoto watakuamkia njiani, mmoja baada ya mwingine, kila siku. Itikia "marahaba" kwa kila mmoja na umtazame usoni. Usipite kimya ukiwa na simu sikioni. Mama zao watasikia jioni hiyo hiyo kwamba mwalimu mpya ana maringo.

Dukani na kwa mama lishe, omba. "Naomba chai na vitumbua viwili." Ile "leta chai" ya Nairobi, ambayo kule haina ubaya wowote, hapa inasikika kama ugomvi. Mlangoni piga hodi, na usiingie mpaka uambiwe karibu.

Vaa ukijua uko pwani. Binti, nunua doti mbili za kanga mapema: ya kujitanda ukienda msibani na ya kuvaa nyumbani. Kijana, suruali ndefu nje, kikoi nyumbani. Kaptula ni ya ufukweni.

Nyumba usikodi kwa kuiona mara moja. Kaa kwanza kwa mwenzako au gesti kwa siku chache, tembea mitaa, uliza walimu. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mbele, wengine mwaka, kwa hiyo njoo na akiba. Kabla hujatoa pesa, fungua bomba uonje maji. Mji umekaa mdomoni mwa mto, chumvi ya bahari hupanda mtoni, na visima vingine maji yake hayafai kwa chai. Uliza kama mita ya umeme ya LUKU ni yako peke yako au mnachangia na majirani. Mita ya kuchangia huleta maneno kila mwisho wa mwezi.

Chandarua si hiari. Ukipata homa, nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo. Dozi ya dawa mseto uimalize hata ukijisikia nafuu siku ya pili.

Laini ya simu sajili kwa pasipoti na alama za vidole, kwa wakala anayetambulika, kisha fungua huduma ya pesa. Kabla ya kuchagua mtandao, ulizia upi unashika vizuri shuleni kwenu.

Chakula utakipenda. Makande ni githeri yako uliyoizoea, ila huku mara nyingi yanaungwa kwa nazi. Ila jifunze kalenda ya bahari, maana ndiyo inayopanga bei. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, wavuvi wa taa huleta dagaa kwa wingi na bei hushuka. Wakati wa bamvua maji hukupwa mbali sana, na hapo pweza hupatikana. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hupungua. Ukinunua bila kujua haya, utalipa bei ya mgeni mwaka mzima.

Sasa twende darasani, ambako ndiko mshahara wako unakotoka.

Elewa kwanza mwanafunzi wako ametoka wapi. Katika shule za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Kiingereza ni somo moja kati ya mengine. Halafu anaingia Kidato cha Kwanza, na ghafla Biolojia, Jiografia na Hesabu zote ziko kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa anaongoza darasani anageuka bubu. Si mzito wa kichwa. Amenyang'anywa lugha anayofikiria nayo. Nakuomba ulishike hili kuliko mengine yote humu, kwa sababu wewe, mwalimu wa Kiingereza, ndiye unayeweza kumrudishia sauti yake mapema.

Kwa hiyo usipige marufuku Kiswahili kwenye kipindi chako. Eleza jambo gumu kwa Kiswahili kwa dakika mbili, kisha rudi kwenye Kiingereza na ubaki huko. Sema polepole. Andika ubaoni kila agizo unalolitoa. Yale mabango ya shingoni ya kumwaibisha mtoto aliyeongea Kiswahili, ambayo pengine uliyaona kwenu, yaache huko huko.

Fimbo pia iache. Kenya iliiondoa shuleni mwaka 2001. Tanzania sheria bado inairuhusu, kwa masharti: ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na isizidi viboko 4. Utaiona kwa wenzako. Usianzishe vita katika chumba cha walimu, lakini yako isiwepo. Mtoto anayeogopa kuchapwa hafungui mdomo, na Kiingereza hakifundishiki kwa midomo iliyofungwa.

Makosa utakayoyasikia kila siku yana chanzo. Yajue, uyatibu moja moja.

La kwanza ni saa. Mtoto wa Pangani anahesabu kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo kengele ya asubuhi kwake ni saa moja, na kitabu kinamwambia ni seven. Chora saa kubwa ubaoni. Nje ya duara andika namba za kitabuni, ndani andika za nyumbani, zikitazamana: 7 na 1, 8 na 2, 9 na 3. Waachie mchoro huo ukutani muhula mzima. Kisha waulize mambo yao: kivuko cha kwanza kinavuka saa ngapi, adhana ya alasiri inatoka saa ngapi, mama anawasha jiko saa ngapi. Wajibu kwa Kiingereza tu. Baada ya wiki mbili hivi hawatakuwa wanautazama ukuta.

La pili ni kumwita mama he na baba she. Kiswahili hakibagui, na ulimi umezoea hivyo. Sheria ubaoni haisaidii. Mazoezi mafupi ya kila siku yanasaidia: mwanafunzi mmoja asimame, aeleze ndugu wawili, wa kike na wa kiume, kwa sentensi nne. Akikosea, rudia sentensi yake ikiwa sahihi, bila kumkatiza, na umwache aendelee.

La tatu ni vokali ya mwisho. Desk inakuwa desiki, stop inakuwa stopu. Anza na maneno yanayoishia kwa p: stop, help, map. Waambie wafunge midomo kwenye herufi ya mwisho na waibakize imefungwa mpaka uhesabu tatu. Watacheka sana siku ya kwanza. Waache wacheke, wanajifunza. Wakishaweza p, nenda kwenye k na t.

Usitegemee kitabu peke yake. Vitabu vimejaa treni na theluji. Pangani ina mnada wa samaki. Watume watatu watatu Jumamosi wakatazame fungu moja: bei imeanza wapi, nani ameongeza, limeishia kwa nani. Jumatatu wasimulie, na hapo hapo unafundisha wakati uliopita. Utaona jambo. Yule kijana anayekaa nyuma, asiyenyoosha mkono, baba yake mvuvi, anajua tofauti ya changu, kibua na nguru kuliko darasa zima pamoja na wewe. Mkalishe mbele akufundishe, kwa Kiingereza alicho nacho. Mpe maneno anayoyakosa. Hapo ndipo wengi wao huanza kuongea.

Historia nayo unayo mlangoni. Mwaka 1888 upinzani dhidi ya Wajerumani ulianzia mji huu huu, ukiongozwa na Abushiri bin Salim, na Desemba 1889 alinyongwa hapa Pangani. Wanafunzi wa vidato vya juu wanaweza kumhoji mzee wa mtaa kwa Kiswahili, kisha kuandika ripoti ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Insha kama hiyo huwa na uhai kuliko ile ya "likizo yangu".

Ila mitihani usiisahau. Ulizoea KCSE au UNEB. Hapa ni NECTA. Kidato cha Pili wana upimaji wa kitaifa, na Kidato cha Nne wanafanya mtihani wao Novemba. Siku ya kwanza kazini omba muhtasari wa somo na mitihani ya miaka iliyopita. Mwombe pia mwenzako akuonyeshe azimio la kazi na andalio la somo yanavyojazwa, kwa sababu mthibiti ubora wa shule akija atataka hayo kabla ya kukuona ukifundisha.

Panga kazi kwa ratiba ya mji. Ijumaa mchana wanafunzi wengi wanakwenda msikitini. Usiweke jaribio hapo. Wadogo wakitoka shule wanakwenda chuoni kusoma Kurani, kwa hiyo kazi ya nyumbani iwe fupi. Ramadhani, mitihani na mazoezi mazito yaweke vipindi vya asubuhi, wakiwa bado na nguvu. Wewe kama hufungi, kula ndani, usile barabarani. Ukikaribishwa futari, nenda. Beba tende au sukari, na usiondoke umegusa sahani moja tu.

Misibani nenda, hata kama marehemu hukumjua. Kaa, nyamaza, toa mkono wa pole, changia kidogo ulicho nacho. Michango ya harusi nayo itakuja na kadi zake. Tenga kiasi kila mwezi, kikiisha useme kimeisha. Watu wanaelewa.

Upweke utakuja, mara nyingi mwezi wa pili, ugeni ukishazoeleka. Usijifungie na simu. Jioni toka, kaa barazani na majirani, ingia timu ya mpira, jifunze bao kwa wazee. Jumamosi vuka kwa kivuko hadi Bweni, ng'ambo ya mto, upande bodaboda kwenda ufukwe wa Ushongo. Ulizia kwanza kivuko cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi. Siku mkichanga wenzako wa kazini, kodini boti mwende Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Bahari imekila, umebaki mchanga ambao maji yakijaa hufunikwa. Kwa hiyo nahodha ndiye anayeamua saa ya kwenda na saa ya kurudi, msimbishie. Na mdomoni mwa mto usiogelee. Mkondo ni mkali.

Likizo ya Juni ikikaribia, tazama tarehe ya mwisho ya kibali chako kabla hujakata tiketi. Kama kinaisha ndani ya miezi michache, mkumbushe mkuu wa shule aanze kukihuisha sasa, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Lipa deni la dukani. Jirani mwachie ufunguo, na mwenye nyumba mtajie siku utakayorudi, asije akadhani umehama.