Bahari Haina Hati: Haki Zako Unapotafuta Boya la Kufungia Chombo

Mtu akikwambia, "Hapa ni pangu, ukitaka kufunga mashua nilipe," muulize kwanza anakuuzia nini. Katika hori la Kilifi, la Mtwapa au la Tudor, maji hayauzwi kama kiwanja. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema bahari yetu na sakafu yake, pamoja na ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa, ni ardhi ya umma. Serikali ya Kitaifa inaishikilia kwa niaba ya wananchi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Hati ya shamba au hoteli ya ufuoni, peke yake, haimpi mtu umiliki wa maji yaliyo mbele yake.

Kinachouzwa kihalali ni vifaa na kazi: jiwe la zege lililozamishwa, mnyororo, boya lenyewe, ukaguzi na ulinzi wa usiku. Mwenye mfuko mdogo ashike hapo. Omba bei ichambuliwe, kila kitu na bei yake. Anayekutoza pesa za "mahali" hana cha kukuonyesha.

Wanaokuja na kitabu cha risiti nao wana mipaka. Ibara ya 210 inakataza kodi au ada yoyote ya leseni isiyotokana na sheria. Awe ni afisa wa kaunti au wa bandari, una haki ya kuuliza, kwa heshima, ni sheria ipi na risiti rasmi iko wapi. Ukiomba maelezo ya ada kwa maandishi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu. Ukinyimwa kibali cha kuweka boya, Ibara ya 47 inakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Wengi hukubali "haiwezekani" ya mdomoni wakarudi nyumbani, na hilo linaniuma, kwa sababu barua moja ingetosha kuwafungulia njia.

Kwa mvuvi, mahali pa kuanzia ni BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya diko lake, ambako mara nyingi gharama ni nafuu. BMU si mali ya mwenyekiti. Kwa mujibu wa kanuni za BMU, ina mkutano mkuu wa wanachama na sheria ndogo zake. Mwanachama ana haki ya kuhudhuria, kupiga kura na kuuliza pesa za vyombo zinakwenda wapi.

Lakini haki ya umma haimaanishi kila mtu azamishe zege anapopenda. Kutia nanga kwa muda ukiwa safarini ni jambo moja. Kuweka boya la kudumu ni jingine, nalo linahitaji kibali. Ndani ya mipaka ya bandari uliza Mamlaka ya Bandari (KPA), na ndani ya hifadhi kama Watamu na Malindi uliza Shirika la Wanyamapori (KWS), maana mnyororo unaoburutwa huvunja matumbawe. Wala usidhani kwamba kukaa miaka mingi kutakupa umiliki: Sheria ya Ukomo wa Madai hairuhusu ardhi ya serikali ichukuliwe kwa njia hiyo.

Kabla ya kulipa, nenda ukapaone maji yakiwa yamepwa. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa hushuka zaidi ya mita 3. Yakijaa, mnyororo hunyooka na chombo huzunguka katika duara dogo. Yakipwa, mnyororo hulegea na duara hupanuka, na nafasi uliyoiona asubuhi haipo tena. Tena ngalawa nyepesi hufuata upepo huku mashua nzito ikifuata mkondo, kwa hiyo vyombo viwili jirani vinaweza kugeukiana. Ukijifunga karibu mno na aliyetangulia na mkagongana, itakuwa vigumu kukana uzembe.

Uliza pia uzito wa jiwe. Zege la kilo 1,000 nchi kavu halifiki kilo 600 likiwa majini. Mnyororo nao huliwa zaidi pale unapogusa mchanga na kuinuka, basi pashike kwa mkono wako. Kisha yaandikeni yote: uzito, tarehe ya ukaguzi uliopita, nani atakagua tena na lini, na notisi ya kuondoka. Malipo ya M-Pesa yaendane na karatasi hiyo.

Mnyororo ukikatika, usiuache uuzwe kwa wa chuma chakavu. Upige picha, uuhifadhi. Ukidai kurudishiwa pesa za huduma usiyoipata, na hazizidi shilingi 1,000,000, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Huhitaji wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Vyombo vikigongana, muone wakili mapema, kwani kesi za ajali za baharini zina njia yake katika Mahakama Kuu.