Baridi na Vakansi: Sumu Isilale Pamoja Nasi



Tumefika mu miezi ya baridi. Hapa Lubumbashi na pande zote za Haut-Katanga mvua imekwisha, mahindi yamevunwa, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inashuka hata chini ya nyuzi 10. Njo miezi ya furaha pia. Kuna sikukuu ya 30 Juni, watoto wanaanza vakansi kubwa, na 1 Agosti tunafanya siku ya wazazi, wale walio hai na wale waliotutangulia. Wageni wanafika, nyumba inajaa, watu sita wanalala mu chumba cha watu wawili.

Kwa kawaida somo letu ni juu ya shamba. Mara hii tunaingia mu nyumba. Juu ya nini? Kwa sababu miezi hii tunafunga milango na madirisha, na vitu vitatu vinaingia kulala pamoja nasi: mbabula ya makala, dawa ya mahindi, na vumbi. Neno la kushika ni moja tu: kitu kinachotoa sumu kisilale pahali mtu analala, wala kisikae pahali mtu anakula.

1. Mbabula

Mama mmoja, memba wa kooperative ya upande wa Kipushi, alitueleza hivi: "Tulisha kupika, makala ilibakia nyekundu, haina hata moshi. Nikasema niiingize mu chumba, bana basisikie baridi. Nikafunga mulango. Usiku mutoto akaanza kutapika. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nikatambaa mupaka ku mulango, nikafungua." Kutapika kwa mtoto njo kuliwaokoa wote. Kama yule mtoto angelala kimia, wangekutwa asubuhi wamekufa.

Wengi wetu tunafikiri hatari ya moto ni moshi. Tunangoja moshi uishe, makala yakuwe nyekundu, kisha tunasema sasa ni salama. Sivyo. Makala mekundu yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Ikiingia mu mapafu, inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, ile hewa ambayo mwili unaitumia. Damu inazunguka, lakini haibebi tena hewa ya kutosha. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anasikia kichefuchefu na uchovu. Aliyelala hasikii kitu, anaendelea kulala mupaka mwisho. Watoto, wazee na wamama wenye mimba wanaumia zaidi.

Familia ikikutwa imekufa bila kidonda, mulango umefungwa kwa ndani, watu wanasema ni bulozi. Mara ingine mzee au mtoto wa jamaa anashitakiwa bure, anafukuzwa mu lupango. Ndugu, kabla ya kutaja jina la mtu, tazameni kwanza kama kuna mbabula mu ile chumba.

Wengine wanasema: "Weka beseni ya maji karibu, maji itavuta gazi." Maji haivuti hii gazi. Wengine wanafungua dirisha kidogo tu. Kwa mtu anayelala, hiyo haitoshi.

Tufanye hivi:
- Mbabula iwashwe inje na ilale inje. Kama lazima kupikia ndani, mulango na dirisha vikae wazi mupaka mwisho, na mtu asilale mule.
- Kisha kupika, zima makala kwa mchanga au kwa maji kidogo. Yanayobaki yaanikwe, kesho yatawaka tena. Hiyo ni franka inayobaki mu mfuko.
- Joto ya usiku tuitengeneze inje, kisha tuiingize bila moto. Pasha tofali au jiwe karibu na mbabula, lifunge mu kitambaa kizito, liweke chini ya bulangeti ku miguu. Au tia maji ya moto mu bidoni ngumu, funga kifuniko vizuri, zungushia kitambaa ili isichome mtoto.
- Jenereta nayo inatoa gazi ile ile. Siku ya sikukuu umeme ukikatika, isiwekwe mu barza wala chini ya dirisha. Iende mbali na nyumba.
- Watoto wa vakansi wanapenda kuota moto pamoja. Mtu mkubwa mmoja akae nao, na bulangeti zisikaribie makala.

2. Dawa ya mahindi

Mavuno yameingia. Kwa kuogopa wezi, wengi tunaweka magunia mu chumba cha kulala. Kisha fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa mahindi, wanaanza kazi yao, nasi tunakimbia soko kununua dawa.

Kuna dawa za aina mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni unga wa kuchanganya na mahindi. Ya pili ni vidonge ambavyo watu wanatia ndani ya gunia. Vidonge hivi ni hatari sana. Ndani yake kuna fosfidi ya alumini. Ikikutana na unyevu wa hewa na wa mahindi, inatoa gazi inayoitwa fosfini. Hiyo gazi inaua fukusi, lakini haichagui: inaua panya, kuku, na mtu. Inatoka mu gunia, inajaa mu chumba, inapita hata chini ya mulango kuingia chumba cha pili. Mara ingine inanuka kama kitunguu saumu au samaki iliyooza, lakini usingoje harufu, maana pua inaweza kuikosa. Na hakuna dawa inayofuta fosfini mu mwili. Kwa hiyo vidonge hivi ni kazi ya mtu aliyefundishwa, mu depo ambamo hakuna mtu analala. Mu nyumba ya watu, hapana kabisa.

Tunawaomba wanachama wachague njia ingine. Kwanza kausha mahindi vizuri. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi, tia na chumvi kavu kijiko kimoja, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikishika ku chupa, mahindi yangali na unyevu, rudisha ku jua. Isiposhika, yako tayari. Mahindi yenye unyevu yanaota kuvu, na sumu ya ile kuvu haiishi kwa kupika. Mwaka 2004 huko Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo.

Kisha tumia mfuko wa plastiki mbili ndani ya gunia moja. Njia hii ilianzia Kameruni mu miaka ya 1980, watafiti wa chuo kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa wakitafuta namna ya kuchunga kunde. Jaza mfuko wa ndani, kamua hewa, funga kwa nguvu. Funga wa pili, kisha gunia lenyewe. Usitoboe, na chunga panya. Fukusi waliomo wanamaliza hewa, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna sumu hata kidogo.

Tazameni sasa: fukusi wanakufa juu ya kukosa hewa mu mfuko uliofungwa. Nyumba iliyofungwa na mbabula ndani ni mfuko wa namna ile ile, na fukusi ni sisi.

Kwa dawa za bustani na mbegu, shikeni haya:
- Dawa isitoke mu chupa yake kwenda mu chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa vakansi mwenye kiu hasomi, anakunywa.
- Tazama mstari wa rangi ku karatasi ya chupa. Nyekundu ni sumu kali kabisa, manjano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Hata ya kijani si maji ya kunywa.
- Dawa na pompi ya kupulizia vikae mu sanduku lenye kufuli, inje ya nyumba, au mu depo ya kooperative.
- Mbegu zenye rangi ya pinki au nyekundu zimepakwa dawa. Zisisagwe, zisipewe kuku, hata kama njaa iko.
- Bidoni tupu ya dawa isibebe maji wala mafuta. Isafishwe mara tatu, maji yake yamwagwe mu pompi, kisha itobolewe.

3. Vumbi

Mji wetu ulizaliwa na shaba. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulibebwa na pepo za kusini-mashariki kwenda upande wa Penga Penga. Pale udongo ulijaa metali mupaka miti ikakufa. Miezi hii hakuna mvua ya kulaza vumbi. Inapanda na kamio, inaingia mu nyumba.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mu mwili. Mwaka 2018 walitangaza mengine juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba hata ndani ya mapango yao. Watoto wa pale walikuwa na kobalti nyingi kupita watoto wa mtaa usiochimbwa. Juu ya nini watoto? Wanacheza chini, wanatia mikono mu kinywa. Na wakati wa vakansi wanashinda mu vumbi kutwa nzima.

Hatuwezi kuhamisha mgodi kwa somo moja, lakini tunaweza kupunguza vumbi tunayokula:
- Usifagie nyumba kavu. Nyunyiza maji kwanza, au pangusa kwa kitambaa chenye maji.
- Bukari tunakula kwa mikono. Kila mtu, na mtoto zaidi, anawe kwa sabuni mbele ya kukaa ku meza.
- Mihogo na mahindi visianikwe chini pembeni ya barabara. Tandika plastiki safi juu ya kitanda cha miti, mbali na kamio.
- Anayetoka kuchimba au kusafisha mawe avue nguo na viatu inje, aoge kabla ya kubeba mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake. Mifuko ya mawe isiingie mu nyumba hata usiku mmoja.
- Lengalenga, matembele na sombe zioshwe mu maji matatu. Lakini kuosha kunatoa tu vumbi ya juu. Metali ambayo mmea umevuta kutoka udongo inabaki ndani ya jani. Kwa hiyo bustani isilimwe juu ya takataka za kiwanda, wala isinyweshwe maji yanayotoka mule.

4. Mtu akipatwa

Kama ni gazi ya mbabula au ya vidonge: vuta pumzi ukiwa inje, ingia haraka, fungua mulango, mtoe mtu inje ku hewa safi. Usikae ndani kutafuta vitu. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Mpeleke ku hospitali yenye oksijeni, hata kama ameamka na anasema: "Niko muzuri."

Kama amekunywa dawa: usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Havifuti sumu na vinaweza kuzidisha. Dawa ikimwagikia mwili, vua nguo, osha kwa maji mingi na sabuni. Beba chupa au karatasi yake, muganga aisome. Mate mengi, jasho, mboni za macho kuwa ndogo na pumzi nzito ni alama za sumu ya wadudu. Usingoje asubuhi.

Kazi ya kikundi

Kabla ya mkutano ujao, kila memba atembee mu nyumba yake jioni moja pamoja na watoto, na kujibu maulizo haya:
1. Usiku mbabula yetu inalala wapi?
2. Ni chupa gani ya dawa iko pahali mtoto anafika?
3. Magunia yetu ya mahindi yako mu chumba gani, na yametiwa nini?
4. Nani mu nyumba anarudi na vumbi ya mgodi, na anavulia wapi?
5. Mtu akizimia usiku, tutamubeba na nini, na hospitali gani iko karibu?

Mu mkutano, kamati iangalie kama depo inaweza kupokea magunia na dawa za wanachama wasio na pahali pengine. Kama woga wa wezi njo unatufanya tulale na mahindi, basi kufuli ya depo na mlinzi mmoja ni kazi ya kooperative nzima.

Na 1 Agosti, wageni wakijaa mu nyumba, mmoja wetu asimame usiku mbele ya kulala, atoe mbabula inje. Asubuhi tutakuwa wengi kama tulivyolala.

Kazi njema, na vakansi njema kwa watoto.