Chuo cha Jirani na Uchaguzi wa Fani

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, vijana wa parokia zetu huanza kuomba vyuo. Mara nyingi swali la kwanza nyumbani si "Unataka kusomea nini?" bali "Chuo gani kiko karibu?" Tulitazame swali hilo.

Ukaribu una nguvu kwa sababu tatu:

1. Gharama. Anayelala kwao halipi hosteli, na chakula anakula na wenzake nyumbani.

2. Mazoea. Kijana wa Chang'ombe, Temeke, amekua akiwaona wanafunzi wa DUCE, chuo kishiriki cha elimu kilichoanzishwa mwaka 2005. Anajua kwamba watu kama yeye husoma pale.

3. Wajibu. Binti anayemuuguza bibi yake hawezi kuondoka kirahisi.

Sababu hizi si za kudharau. Hata hivyo, chuo cha jirani hakina kila fani. DUCE huandaa hasa walimu. Anayependa kilimo atakuta Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro. Akiingia ualimu kwa kuogopa nauli tu, gharama iliyobaki italipwa na watoto atakaowafundisha bila moyo.

Tena, karibu kwenye ramani si karibu kwa miguu. Mbagala na Mlimani ni jiji moja, lakini foleni ya asubuhi na jioni hula muda wa kujisomea. Aliyepanga chumba mkoani jirani na chuo anaweza kuwa na muda zaidi.

Katika Luka 14:28-30, Yesu anamtaja mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama. Tuone mpangilio: alijua anataka kujenga nini, ndipo akahesabu. Nasi tufanye hivyo:

- Andika kwanza fani unayoitaka, kisha vyuo vyote vinavyoifundisha.
- Hesabu nauli, malazi na muda kwa kila chuo. Kumbuka kuwa mkopo wa HESLB unaweza kugharimia chakula na malazi.
- Uliza katika jumuiya ndogondogo: nani ana ndugu mwaminifu katika mji ule?

Ukihesabu ukaona chuo cha jirani ndicho kinachofaa, kichague kwa amani.

Kwa tafakari: Je, nyumbani kwetu tumewahi kumuuliza kijana anataka kusomea nini kabla ya kumtajia nauli?