Somo la Afya: Kumtunza Nyumbani Aliyetolewa Mawe ya Figo

Somo hili tunawaandikia hasa familia zinazompokea mgonjwa aliyetoka hospitali baada ya kutolewa mawe ya figo. Wengi wetu tulio kambini hatuwezi kumrudisha mgonjwa siku ileile, hivyo hulala kwa ndugu walioko Kator hadi apate nguvu. Hapo ndipo kazi inapoanza, na mara nyingi huwaangukia akina mama.

Jambo la kwanza ni maji. Jiwe hujengeka mkojo unapokuwa mzito, na Juba ni mji wa joto kali. Machi 2024 serikali ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 zikafungwa tena. Mgonjwa anayelala chini ya mabati hutoa jasho jingi kabla hata hajaamka. Basi anywe lita tatu kwa siku, yaani chupa mbili za lita moja na nusu, na jua likizidi aongeze, isipokuwa daktari amempa kipimo kingine. Asiyasubiri mpaka kiu. Mtazame mkojo: ukiwa mweupe au njano hafifu, ni vema, ukiwa kama chai, bado hajanywa vya kutosha. Maji ya tangi yachemshwe au yatiwe dawa, maana kipindupindu kilichotangazwa nchini Oktoba 2024 kiliingia Juba pia.

Tumeona wagonjwa wanaokataa maji, na sababu si ukaidi. Choo kiko mbali, ni cha majirani wengi, na usiku kuna hofu ya kutoka. Mgonjwa anaona afadhali asinywe. Mwekeeni ndoo yenye mfuniko na pazia. Wageni nao, ambao kwa upendo wao hukaa saa tatu, watoke nje kidogo apate kujisaidia bila aibu.

Wengine huachiwa ndani bomba dogo laini kati ya figo na kibofu, ili mkojo upite wakati njia inapopona. Bomba hilo humfanya aende haja ndogo mara kwa mara, asikie maumivu ubavuni anapokojoa, na mkojo uwe mwekundu kidogo, hasa akitembea sana. Hayo ni ya kawaida. Lakini bomba si la kukaa milele! Ni la majuma machache, na likisahaulika hujengeka mawe juu yake, likaziba na kuharibu figo. Sisi watu wa kuhamahama tuko katika hatari hii kuliko wengine: leo uko Kator, kesho Gorom, mwezi ujao umevuka kwenda Uganda. Kabla hamjatoka hospitali, ulizeni wazi: “Je, ameachiwa bomba? Litatolewa lini?” Tarehe iandikwe, ikae pamoja na kadi ya ukimbizi, na watu wawili nyumbani waijue.

Kidonda kiwe safi na kikavu. Msipake majivu, mavi ya ng’ombe wala dawa ya meno. Aliyepasuliwa ubavuni asibebe kitu kizito kwa majuma sita hivi; jerikeni la lita 20 ni kilo 20, na mama asilibebe hata akisema amepona. Atembee kidogo kila siku. Dawa za kuua vijidudu azimalize zote. Za maumivu atumie zile alizoandikiwa tu, kwa kuwa baadhi ya zinazouzwa sokoni, kama diklofenaki, zinaweza kudhuru figo.

Chakula si kigumu. Punguzeni chumvi na vile vidonge vya kuungia mchuzi. Maziwa asikatazwe, ingawa wengi huyaogopa. Yakinywewa pamoja na chakula husaidia, hasa siku ya mboga za majani zenye siagi ya karanga. Limau ndani ya maji ni zuri. Soda isihesabiwe kuwa maji.

Kuhusu kufunga: tunawaomba wazee wa kanisa wasimruhusu mgonjwa huyu kufunga bila maji, hata katika juma la maombi. Nabii Isaya alipomhudumia mfalme Hezekia, maombi yalikuwapo na mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu pia.

Sasa dalili za kukimbilia hospitali usiku huohuo: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, kutapika kusikokoma, mkojo kukatika, damu nzito yenye mabonge, au kidonda kutoa usaha. Homa na figo iliyoziba huua upesi, kwa hiyo msingoje asubuhi wala msianze na panadoli kwanza. Nauli ya raksha iwekwe kando tangu siku ya kwanza, na jirani mwenye simu yenye chaji ajulikane mapema.