Wanafunzi wangu hawajui kutafuta

Mama Maktaba, shikamoo. Mimi ni mwalimu msaidizi wa historia hapa Dar es Salaam. Niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili insha ya muhula kuhusu Vita vya Maji Maji. Nusu wamenakili ukurasa uleule wa intaneti, wengine wametaja vitabu ambavyo havipo duniani. Niwafelishe? – Mwalimu Aliyechoka

Marahaba, mwanangu. Waliotaja vitabu hewa wameletewa na akili unde, wala hawakufungua katalogi kuhakikisha. Hao wape sifuri yao. Waliobaki nawaonea huruma, maana swali lako ni pana mno. Kijana ataandika "Maji Maji" kwenye Google, atasoma jibu la kwanza, basi.

Wape swali dogo: kwa nini Wangoni waliingia vitani na Wahehe wakakaa nje? Halafu keti nao saa nzima, mwandike majina yote ambayo jambo hilo limewahi kuitwa. Wengi hukwama hapo. Vita ilipiganwa 1905 hadi 1907, Tanzania haijazaliwa. Anayetafuta kwa jina hilo pekee atayakosa maandishi yaliyosema Tanganyika au Deutsch-Ostafrika. Wajerumani waliiita Aufstand, yaani uasi. Na waandishi wa Kiingereza huacha "Wa" yetu: Wangoni kwao ni Ngoni, Wahehe ni Hehe. Nimeona vijana wakiondoka mikono mitupu kwa sababu ya herufi mbili tu!

Wakipata kitabu kimoja kizuri, waache kutafuta kwanza, wafuate tanbihi zake. Cha John Iliffe cha 1979 kuhusu historia ya Tanganyika kitawapeleka kwenye makala za mradi wa utafiti wa Maji Maji wa 1968. Waambie waliokwenda vijijini kuwahoji wazee walikuwa wanafunzi wa chuo, kama wao.

Nilikaa kaunta ya maktaba miaka mingi. Mwanafunzi huuliza choo kilipo bila haya, lakini kuulizia kitabu anaona aibu. Kwa hiyo siku ya kwanza nenda nao mwenyewe hadi kitengo cha East Africana cha maktaba ya chuo kikuu pale Mlimani, umuulize mkutubi mbele yao. Ambao hawakutaja vitabu hewa warudishie insha, waongezee wiki mbili.